Ndahafa, Sikio la Mabomba ya Katutura

Kwenye kwaya yetu ya Katutura, hapa Windhoek, hakuna aliyethubutu kuimba ovyo mbele ya Ndahafa Shilunga. Alisimama safu ya sauti ya pili, mimi kulia kwake, na ukiteleza hata nusu ya noti alikugeukia taratibu kama mtu aliyekanyagwa kidole. "Hileni, mwenzangu," huninong'oneza, "hapo umeimba au umekohoa?" Alisikia simu ikitetemeka ndani ya mkoba wa mtu aliyekaa safu ya mwisho. Alijua ni nani anapanda ngazi za kanisa kwa jinsi viatu vyake vinavyolalamika.

Wakati huo alikuwa na miaka thelathini na tisa, anauza maandazi pembeni mwa soko la nyama choma, hana mume wala hana haraka. Alikuwa mtu wa kucheka. Akianza kucheka, mabega hutangulia, halafu kichwa, halafu meza ya maandazi nayo inatikisika.

Huo ndio mwaka mvua ilipokataa kwa mara ya tatu mfululizo. Redio ilitangaza kila wiki mabwawa yamebakiwa na maji kiasi gani, na Windhoek nzima ikaacha kuulizana habari za mpira. Mkikutana dukani, mtu hasemi habari za asubuhi, anasema, "Umesikia? Tumeshuka tena asilimia mbili." Mipira ya kumwagilia bustani ilipigwa marufuku. Kuosha gari ilikuwa ndoo moja na kitambaa. Bei ya maji ilipangwa kama ngazi: anayetumia kidogo analipa kidogo, anayejimwagia kama mfalme anapanda ngazi hadi apate kizunguzungu. Sisi tulioga ndani ya beseni, maji ya beseni yakafua matambara, maji ya matambara yakaenda chooni. Jirani yangu alisoma mita yake asubuhi na jioni kama mtu anayempima mgonjwa homa.

Asubuhi moja akapita sokoni mzee mmoja wa idara ya maji, Sakeus jina lake, mwenye fimbo ya chuma yenye kikombe juu. Anaisimika chini, anaweka sikio kwenye kikombe, anasogea hatua tatu, anaisimika tena. Ndahafa alimtazama akipita mbele ya meza yake.

"Tate, umeshalipita," akamwambia huku akigeuza maandazi. Kwetu mzee huitwa tate, na mama huitwa meme.

"Nimelipita nini, meme?"

"Bomba lako linalovuja. Liko nyuma yako, pale penye kifuniko cha mtaro. Linafanya sssss, halafu linameza mate."

Sakeus akajinyoosha. "Meme, mimi nina miaka kumi na minane kwenye kazi hii. Nina fimbo. Wewe una mwiko."

"Basi chimba unapotaka. Nitakuwekea maandazi mawili, maana utachoka."

Wakachimba alipotaka Sakeus, wakakuta vumbi linalopiga chafya. Wakahamia kwenye kifuniko cha mtaro, na kabla shimo halijafika magotini maji yakaruka yakamlowanisha Sakeus hadi kwenye masharubu. Alirudi mezani anachuruzika, akala maandazi manne. La tano akalishika mkononi.

"Umelisikia tangu lini?"

"Wiki tatu sasa. Nilidhani ni tumbo la huyu jirani yangu auzaye samaki."

Miezi miwili baadaye Ndahafa alikuwa na buti, kizibao cha rangi ya chungwa, fimbo yake mwenyewe na mashine ya kuvaa masikioni. Alikuja nyumbani kwangu kunionyesha vile vitu, akajizungusha sebuleni kama msichana aliyeshonewa gauni la Krismasi. "Hileni! Wananilipa nisikilize! Maisha yangu yote naambiwa, Ndahafa, acha kusikiliza mambo ya watu!"

Kazi yenyewe alinieleza mara nyingi mpaka nikaielewa. Kila mtaa una mita moja kubwa mlangoni pake. Maji yaliyoingia mtaani yanajulikana, na yaliyopita kwenye mita za nyumba yanajulikana. Yakipungua katikati, basi kuna mahali ardhi inakunywa. Wanabandika vidude kwenye mabomba, vinarekodi sauti, kompyuta inakisia tatizo liko wapi. Lakini kompyuta haijui kutofautisha bomba linalovuja na friji la baa, na hapo ndipo anapoitwa Ndahafa. Mwaka wake wa kwanza alipata mabomba mia moja na arobaini yaliyopasuka. Kila akipata moja alinitumia ujumbe wenye neno moja tu: "Nimelikamata!"

La tisini na moja ndilo lililomletea mume.

Lilikuwa nje ya ukuta wa mtambo wa kusafisha maji taka, ule unaoyachuja maji ya vyoo na mabafu ya mji wote, ukayapitisha kwenye hewa kali na makaa na vitambaa vyembamba kuliko pumzi, mpaka yakarudi kwenye mabomba yetu ya kunywa. Wafanyakazi wa zamu walitoka kutazama. Mmoja wao alikuwa Ewald Tsuseb, Mdamara, mrefu kama mlingoti, mgane aliyefiwa na mke miaka mitano nyuma, mwenye sauti nene na vidole vyembamba vya mtu wa maabara. Alimwona mwanamke amelala kifudifudi kwenye lami, amefumba macho, anatabasamu. Alipoinuka Ewald akamletea glasi ya maji, yametoka kwenye mtambo muda huo huo.

Ndahafa akayamaliza kwa mkupuo mmoja. "Nyingine."

"Unajua yametoka wapi?" Ewald akamuuliza, maana wageni wengi hushika glasi ile kama wameshikishwa nyoka.

"Kwa majirani zangu wote," akasema Ndahafa. "Nawajua, ni watu safi. Lete nyingine."

Ewald alituambia baadaye kwamba pale pale alijua hatamwacha aende zake. Siku ya pili alipiga simu idara ya maji kutoa taarifa ya bomba linalovuja. Ndahafa akaenda, akasikiliza, hamna kitu. Siku ya tatu tena. Siku ya nne Ndahafa akamwambia, "Bwana Tsuseb, hapa hapavuji. Kama kuna kitu unataka kusema, sema. Mafuta ya gari ni ya serikali."

"Nilitaka kusikia unavyosema hapavuji," akajibu.

Mabega ya Ndahafa yakaanza kutikisika.

Sasa, ilibaki kumpita Bibi Loide, nyanya yake aliyemlea. Bibi alitoka kaskazini miaka mingi nyuma, na oshikundu yake, kile kinywaji chachu cha uwele, ilikuwa na jina mji mzima. Watu walivuka mitaa mitatu na galoni mkononi. Alivaa gauni la waridi la mistari, akaketi kwenye kiti chake cha plastiki, na Ewald akasimamishwa mbele yake kama mshtakiwa. Mimi nilikuwepo, nilijifanya naosha vikombe kwenye beseni.

"Unafanya kazi gani, kijana?" Kijana mwenyewe ana miaka arobaini na sita.

"Ya maji, bibi."

"Maji gani?"

"Ya kunywa."

"Kabla hayajawa ya kunywa yalikuwa ya nini?"

Ewald akamtazama Ndahafa. Ndahafa akatazama dari.

"Ya chooni, bibi."

"Eeeh!" Bibi akapiga mapaja kwa mikono miwili. "Hileni, umesikia? Mjukuu wangu ameniletea mpishi wa choo! Sikiliza, baba. Mimi oshikundu yangu naipika kwa maji ya bomba, maji ya bwawani, maji aliyoyaleta Mungu kwa mvua. Hayo yako peleka huko kwenu."

"Bibi," Ewald akasema kwa upole kabisa, "umekuja Katutura mwaka gani?"

"Sabini na nne."

"Mtambo wa kwanza ulianza mwaka sitini na nane. Maji yetu yanachanganywa na ya bwawani, yanakuja kwenye bomba moja. Mwaka huu bwawa limekauka, kwa hiyo yetu ni mengi zaidi."

Nikaacha kuosha kikombe. Bibi Loide alitazama ndoo yake ya oshikundu, akamtazama Ewald, akaitazama tena ndoo. Nikaona midomo yake inahesabu miaka.

"Kwa hiyo wateja wangu wote..."

"Ndiyo, bibi."

"Na yule mchungaji anayekunywa galoni mbili?"

"Ndiyo, bibi."

"Na mimi mwenyewe?"

"Umri huu na meno yote unayo, bibi."

Kikongwe yule akafungua kinywa, nikadhani anapiga yowe, kumbe ni kicheko kilichokuwa kinatafuta njia. Alicheka mpaka kiti cha plastiki kikalia. Halafu akachota oshikundu kikombe kizima, akampa Ewald kwa mikono miwili. "Kunywa, mwenzangu. Miaka yote hii tumefanya biashara pamoja na hukuja hata kunisalimu."

Harusi ikapangwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tisa. Ndahafa angekuwa na furaha isiyo na doa, isipokuwa jambo moja lilikuwa linamwasha kama upupu. Mtaa wetu wenyewe ulikuwa unapoteza maji. Mita kubwa ilionyesha hivyo, wiki ya nane sasa, maji ya kujaza kisima kila siku yanaingia na hayaonekani. Alitembea kila barabara. Alisimika fimbo mbele ya kila nyumba. Lakini mtaa wetu una gereji ya kuchomelea vyuma, una baa nne zinazoshindana kwa muziki, una majenereta na mbwa. Fundi wa gereji alimwahidi kuzima mashine kwa dakika tano, akazima, baa zikaongeza sauti.

"Hileni, liko," alikuwa ananiambia huku nampima gauni, kwa sababu mimi ndiye niliyemshonea. "Linanicheka. Nalisikia linanicheka halafu mtu anawasha redio."

"Simama wima, nitakuchoma na pini."

Kulikuwa na kelele nyingine pia, za umbea. Bustani zote za mtaa zilikuwa zimegeuka kahawia, lakini mpera ulio nyuma ya chumba cha Mchungaji Amutenya, pembeni mwa kanisa letu, ulikuwa kijani na unazaa. Watu wakasema mchungaji anamwagilia kwa kificho. Wakaguzi wa maji walikuja, wakasoma mita ya kanisa, wakakuta matumizi ni ya mtu anayeoga kwa kijiko. Waliondoka na mapera mfukoni. Wengine wakaanza kusema ni muujiza. Mchungaji mwenyewe, mtu wa aibu, alikuwa anautazama ule mti kama anayeombwa maelezo asiyonayo.

Jumamosi ikafika. Sijawahi kuona harusi imejaa vile. Fundi wa gereji alifunga gereji, akaja na suti. Wenye baa wote wanne walifunga baa, maana vinywaji walikuwa wameviuza kwetu. Mbwa walikuwa nje ya jiko la harusi wakingoja mifupa, wamenyamaza kwa adabu. Pikapu ya idara ya maji ilifungwa utepe mweupe, na Sakeus, aliyemwakilisha baba wa bi harusi, aliiendesha kwa mwendo wa mtu aliyebeba mayai. Kina mama walituingiza kanisani kwa vigelegele na kuruka, wanapeperusha mikia ya farasi hewani kama ilivyo desturi ya harusi zetu, Bibi Loide mbele yao anaruka kama ana miaka kumi na sita.

Mchungaji Amutenya akafika mahali pa viapo. Akasema, "Kabla sijawauliza, tuinamishe vichwa, kila mtu awaombee hawa wawili kimya kimya moyoni."

Watu mia tatu wakanyamaza. Gereji kimya. Baa kimya. Majenereta kimya. Kwa mara ya kwanza ndani ya wiki nane, mtaa wetu wote ulikuwa kimya.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake nimeshika shela. Nikaona shingo yake inageuka kidogo, kama kwenye kwaya mtu anapokosea. Nikajua. Nikamnong'oneza, "Ndahafa, usithubutu."

"Hileni," akanong'ona, "sssss."

"Usithubutu nakwambia!"

"Halafu linameza mate!"

"Amina," akasema mchungaji. "Ndahafa Shilunga, je, unamkubali Ewald Tsuseb kuwa mume wako?"

"Ngoja," akasema Ndahafa.

Kanisa zima likavuta pumzi kwa pamoja. Shangazi wa Ewald aliangusha mkoba. Na Ndahafa akapiga magoti, akalala chini na gauni langu la wiki sita, akaweka sikio kwenye sakafu.

"Amezimia!" akalia mmoja.

"Amekataa!" akalia mwingine.

"Hajakataa wala hajazimia," Bibi Loide akapaza sauti. "Nyamazeni, mtoto yuko kazini!"

Nilimtazama Ewald, nikitegemea kuona mtu aliyeaibika mbele ya ukoo wake. Alikuwa anavua koti. Akalikunja, akaliweka kwenye kiti, akalala sakafuni upande wa pili, sikio chini, uso kwa uso na bi harusi wake, pua zao zimeachana kwa kiganja.

"Mimi sisikii kitu," akamwambia.

"Wewe huna sikio, wewe una ulimi. Linakwenda huku, chini ya ukuta, kuelekea nyuma. Bomba kubwa. Sakeus! Fimbo!"

Sakeus alishakimbia. Akarudi na fimbo ina utepe mweupe. Ndahafa akainuka, shela imekaa upande, akatoka kwa mlango wa pembeni anasimika fimbo kila hatua tatu, Ewald nyuma yake ameshika mkia wa gauni, mimi nyuma ya Ewald, mchungaji nyuma yangu na kitabu chake wazi, na watu mia tatu nyuma ya mchungaji. Akazunguka chumba cha mchungaji. Akasimama chini ya mpera.

"Hapa," akasema, akauchapa mti kofi. "Mlevi mkubwa wewe! Hapa!"

Mchungaji Amutenya alishika kifua kwa mikono miwili. Nadhani hakuna mtu siku ile aliyefurahi kumzidi, hata bwana harusi.

"Lakini ramani haina bomba hapa," Sakeus akasema.

"Ramani imechorwa baada ya bomba. Chimbeni."

Mchungaji akakohoa. "Binti yangu, kuna swali nililouliza."

"Ndiyo!" Ndahafa akasema. "Ndiyo, baba, ndiyo, namkubali, namkubali mara tatu, lakini kwanza mtu akafunge koki kubwa ya kona!"

Vigelegele vilivyopigwa pale vilitisha njiwa wa mtaa mzima. Fundi wa gereji alikimbia kufunga koki na suti yake. Waliopenda kuchimba wakavua viatu, waliopenda kucheza wakazunguka shimo wakicheza, na mikia ya farasi ikapepea juu ya sururu. Ewald alijibu kiapo chake akiwa ndani ya shimo, tope magotini. Walipofika kwenye bomba, la chuma, kuukuu, lina ufa mrefu kama mkono, shimo lilikuwa limejaa maji kama birika, na hakuna aliyekubali yapotee. Sufuria za harusi zikaja, ndoo zikaja, beseni za waosha vyombo zikaja, zikapita mkono kwa mkono mpaka kwenye mapipa ya nyuma ya jiko. Maji hayo yalifua nguo za mtaa wiki nzima. Bibi Loide aliketi ukingoni kwenye kiti chake cha plastiki, anamgawia oshikundu kila aliyetoka shimoni, anamtangazia kila mmoja kwa fahari imepikwa kwa maji gani. Walikunywa. Waliomba tena.

Gauni langu? Usiniulize. Lilikuwa la kahawia hadi kiunoni, na Ndahafa alikataa kulibadilisha. Alicheza nalo mpaka jua likazama, buti za kazi chini yake, kwa sababu viatu vyeupe vilibaki ndani ya tope na havijapatikana hadi leo.

Jumatatu mita kubwa ya mtaa wetu ikasomwa. Kilichoingia na kilichotumika vilikaribiana kama mapacha. Bomba jipya likawekwa, ramani ikaongezwa mstari, na mpera ukaanza kunyauka kwa heshima kama miti mingine, mpaka mvua zilipokuja mwaka uliofuata ukachipua tena bila kashfa.

Wao walikwenda fungate Swakopmund, pwani, siku nne. Ndahafa alinisimulia kwamba usiku wa kwanza hakupata usingizi, anasikia bahari yote inanguruma na hakuna koki ya kufunga. Siku ya pili akauliza, "Tufanye nini leo? Tuone ngamia? Tule samaki?"

Ewald akachezea kofia yake. Akasema kwamba, kama mke wake hatachukia, kaskazini kidogo ya mji kuna mtambo unaotoa chumvi kwenye maji ya bahari mpaka yanakuwa matamu, na yeye hajawahi kuuona, na amekuwa akiuota tangu akiwa chuoni.

Wakaenda. Mlinzi wa getini akawatazama: mwanamume mrefu mwenye ua kwenye koti, mwanamke aliyevaa gauni jipya la mistari.

"Mnatoka kampuni gani?"

"Hatutoki kampuni," akasema Ndahafa. "Tumeoana juzi."

"Hongereni. Na mmepotea?"

"Hapana. Tuko fungate."

Mlinzi aliwatazama tena, akatazama jangwa lililokuwa nyuma yao, hakuna hata kibanda cha soda. Akavua kofia, akajikuna kichwa. "Ukumbi wa sinema mnaujua uko wapi?"

"Tunaujua," wakajibu kwa pamoja.

Alianza kucheka mlinzi, akafuata Ewald na ile sauti yake nene, na mabega ya Ndahafa yakawa yameshaondoka zamani. Walisimama pale kwenye upepo wa bahari, watatu, wamejishikilia kwenye geti, mpaka mhandisi wa zamu akatoka ndani kuuliza kuna nini, naye, kabla hajajibiwa, akajikuta anacheka. Akawafungulia. Waliingia mkono kwa mkono, wakakaa mle hadi saa kumi na moja jioni, na walipotoka, Ewald alikuwa bado anaongea.